Bega la Shababi

Ami Kificho aliingia uani kwa Rahila kwa miguu, bila gari lake la ng'ombe, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Rahila alikuwa akichuja mafuta ya karafuu. Alipomwona tu alijua kuna jambo, maana ami yake hakuwa mtu wa kutoka Tumbe mpaka Konde jua la mchana likiwaka, ila awe na dhiki.

"Shababi kateguka bega," alisema kabla hata hajaketi. "Jana alikuwa akichechemea, leo mguu hautii chini kabisa. Chukua mafuta yako twende."

Shababi alikuwa dume changa, aliyezaliwa katika banda la Ami Kificho mwenyewe. Mzee alikuwa akimfundisha kuvuta gari polepole, apate kumpumzisha ng'ombe wake wa zamani aliyekwisha choka. Alimpenda mnyama yule hadi mkewe, Bi Mize, akawa anamtania kuwa ameletewa mke mwenza.

Rahila alibeba kikapu chake. Hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini: kukanda ng'ombe na punda waliokazika misuli, kuwafunga majani ya dawa, kuwatembeza waliovunjika wakaungwa. Alijifunza kwa bibi yake, Bi Asya, na watu walimwita hata kutoka Wete. Lakini kama ana kwao, basi kwao ni kwa Ami Kificho. Baba yake alipofariki, Rahila hajaota hata meno ya mbele, ami ndiye aliyemchukua, akamlea na kumsomesha pamoja na watoto wake.

Walipofika bandani Shababi alikuwa amesimama kwenye kona, kichwa kimeinama, majani mbele yake hayajaguswa. Bega la kulia lilikuwa limevimba. Rahila alimsemesha kidogo kama kawaida yake, akaweka kiganja juu ya uvimbe. Ngozi ilikuwa na moto. Alipobonyeza, akasikia chini ya vidole kitu kinachochakarika, kama mfuko wa nailoni uliojaa hewa.

Akatoa mkono.

Misuli iliyoteguka aliijua vizuri. Hukaza, huuma, huwa na fundo. Haichakariki. Hiki hakukijua, na kutokukijua kulimtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

"Mbona umeacha?" aliuliza Ami Kificho.

"Ami, huyu simkandi. Ana homa, na huu uvimbe siuelewi. Nampigia simu Daktari Buthaina aje amtazame."

Mzee alimkazia macho. "Daktari wa nini? Nimekuja kwako weye."

"Najua, ami yangu. Lakini ndiyo sharti la kazi yetu."

Miaka ya karibuni watu wa tiba asili ya mifugo kisiwani walikuwa wameunda umoja wao. Waliketi Wete wakakubaliana namna ya kufanya kazi: mtu asiahidi kuponya, asimkataze mwenye mnyama dawa za hospitali, na mnyama mwenye homa au uvimbe usiojulikana asitibiwe mpaka daktari wa mifugo amwone. Hilo la mwisho Rahila mwenyewe alilipinga. Alisimama mbele ya watu akasema kuwa Bi Asya hakuomba ruhusa ya mtu, na ng'ombe wake walipona. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakalipitisha. Naye akalikubali kwa kuwa wengi wamelikubali, ila moyo haukulikunjukia.

Sasa alikuwa amesimama nalo peke yake, mbele ya mtu ambaye yeye Rahila hajapata kumwambia hapana.

Daktari Buthaina alipokea simu akiwa kisiwani Kojani akichanja ng'ombe. Alimsikiliza Rahila mpaka mwisho. Alisema atavuka kwa mashua ya kwanza itakayoondoka, na kwamba Shababi asikandwe, asifungwe kitu chochote, na ng'ombe wengine watengwe naye.

Kungoja kule kulikuwa kuzito. Ami Kificho aliketi juu ya gari lake akampa Rahila mgongo. Jirani mmoja alipita akauliza kama mkandaji naye siku hizi anataka kukandiwa. Mzee hakucheka, wala hakumtetea mtoto wa nduguye.

"Mpake japo mafuta," alisema baadaye, sauti imeshuka. "Mafuta tu. Hayawezi kumdhuru."

"Siwezi, ami."

"Nilikuwa nakubeba mgongoni kukupeleka chuoni kusoma Kurani wakati wa masika. Sikukwambia siwezi."

Maneno yale yalimwingia Rahila mpaka ndani. Mikono ilimsihi afanye, angalau kumridhisha mzee. Isitoshe, kama ingekuwa ni kuteguka tu, atakuwa amemvunjia ami yake heshima kwa jambo la bure, na Tumbe nzima itasikia kabla ya magharibi. Alichukua ndoo akaenda kumtilia Shababi maji, kwa kuwa hilo halikukatazwa, na kwa kuwa hakutaka mzee amwone machozi.

Bi Mize ndiye aliyetoka jikoni akasema, "Kificho, mwache mtoto. Asiyejua akasema sijui, weye unamtakia nini zaidi?"

Daktari Buthaina alifika na vespa yake, kanga imelowa maji ya bahari. Aliamkia wazee, akavaa glavu, akapima homa, akalibonyeza lile bega. Hakuchukua muda.

"Mmemkanda?"

"Hatukumkanda," alisema Rahila.

"Vizuri sana. Hii ni chambavu. Nyama ya ndani inaoza angali hai, na kuoza huko hutoa hewa, ndiyo unayoisikia ikichakarika. Mngemkanda mngemtesa, na mngepoteza mchana huu, nao ndio wenye maana. Mara nyingi tunaitwa ng'ombe wameshaanguka." Alikuwa akivuta dawa kwenye sindano huku akisema. "Mzee Kificho, sitakuahidi kitu. Nitampiga penisilini, nitarudi kesho na siku zifuatazo. Waliobaki nitawachanja."

Ami Kificho alimtazama daktari, kisha akamtazama Rahila. Alishika kamba ya Shababi mwenyewe ili apigwe sindano.

Siku zilizofuata zilikuwa za dua na subira. Kuna asubuhi Bi Mize alipiga simu akasema mnyama amelala hainuki, na Rahila akafunga safari, akamkuta amenyanyua kichwa. Kisha homa ikashuka. Kisha akala. Lakini bega lilikuwa limenywea, na mguu ukiburutika kama si wake.

Hapo Daktari Buthaina ndiye aliyempigia Rahila simu.

"Yangu nimemaliza," alisema. "Mguu ule sasa wataka mikono, na mimi sina mikono yako. Niambie utafanya nini."

Rahila akamweleza: kumkanda kwa mafuta ya nazi, kumtembeza kwenye maji ya pwani yaliyokupwa ili bahari imbebee uzito, na kumfunga majani ya mbono. Daktari alikubali yote isipokuwa majani, kwa sababu kidonda pembeni mwa bega hakijafunga. Rahila akayaacha majani. Hakuona unyonge wowote. Aliona wepesi, kama mtu aliyekuwa akibeba gunia peke yake akapata wa kushika upande wa pili.

Ikawa kila maji yakikupwa wanashuka pwani ya Tumbe, Rahila, mzee na dume lake. Wachuuzi wa samaki waliwapisha na baiskeli zao. Mwanzoni Shababi alitetemeka, hatua chache akasimama. Baadaye akawa anatangulia.

Daktari alikuwa amekwisha waambia kuwa gari hatovuta. Ami Kificho alisema si neno, ana majike ya kupandwa, na dume haliishi kwa gari tu.

Asubuhi moja, maji yakiwafika magotini, mzee alisema, "Nifundishe na mie. Siku ambazo hupo nimkande mwenyewe."

Rahila akauchukua mkono wake, ule mkono mgumu wa jembe na kamba, akauweka penye bega, akamwonyesha pa kukaza na pa kulegeza. Shababi alisimama kimya, akipuliza pumzi juu ya maji.

"Siku ile nilikukasirikia," alisema Ami Kificho, bila kunyanyua macho. "Nilidhani umenikana. Kumbe ungenifurahisha, leo ningekuwa sina kitu cha kushika hapa. Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe, na amlipe na daktari wako."

Maisha yake yote Rahila ndiye aliyekuwa akimwambia ahsante mzee huyu, na hakuwahi kufikiri kuwa neno hilo lingerudi upande wake. Alisema tu, "Amin, ami," akashika kamba, wakaendelea kutembea.