Fimbo Mlangoni

Mwaka ule wa tisini na tatu, wenye maduka ya mbao pale Magongo walikuwa wameshakubali ubia na kampuni: maduka yabomolewe, lisimame soko la ghorofa, kila mmoja apate fungu lake. Aliyekataa ni Bi Barke peke yake, muuza leso.

"Ubia gani huu, wallahi, mbia mmoja ana tingatinga na mwingine ana roho yake tu?" alimuuliza jirani yake Faraj, muuza mchele.

Alasiri ilipoadhiniwa, wanaume walikingamisha fimbo milangoni kama ilivyo desturi, ijulikane kuwa mwenyewe yuko msikitini. Duka huachwa wazi hivyo na mtu hagusi kitu. Lakini mbuzi hajui desturi. Mmoja akapenya chini ya fimbo ya Faraj, na Barke akakimbilia kumfukuza asije akamaliza mchele wa watu.

Mbuzi alitoka mwenyewe, hatafuni kitu. Barke akachungulia. Hamkuwa na gunia hata moja. Akachungulia duka la pili, na la tatu: fimbo mlangoni, rafu tupu. Alikuwa amesikia jinsi masoko ya mbao yanavyoshika moto mtu akikataa kuhama.

Faraj akarudi, macho chini. "Bi Barke, leo usiache leso zako dukani."

"Kwani leo kuna nini, Faraj?"

Faraj akaondoa fimbo, akaingia, akaketi mbele ya rafu tupu kama anayengoja wateja.