Teke la Ghalib

Pale Tafila, mji wa Jordan, harusi bila Mutlaq kushika kichwa cha mstari wa ngoma ya dabke ilikuwa kama chakula bila chumvi, au ndivyo alivyosema Mutlaq mwenyewe. Wanaume wanashikana mikono, wanaikanyaga ardhi kwa pamoja, na yeye mbele anazungusha tasbihi na kuamuru hatua. Umri wake ulikuwa hamsini na ushei, kitambi kinamtangulia, lakini ukimshauri apumzike ananuna siku nzima.

Basi kwenye harusi ya mpwa wake aliruka juu ili mpiga picha amwone vizuri. Kitu kikalia tap nyuma ya kisigino, naye akaporomoka kama gunia la ngano. Alipogeuka, aliyekuwa karibu yake ni Ghalib, kaka wa mkewe, ambaye mji mzima ulijua anakitamani kichwa cha mstari.

"Umenipiga teke, shemeji," Mutlaq akasema mbele ya watu.

Ghalib aliapa kwa Mungu kwamba hakumgusa. Wapi! Hospitali, daktari alimminya Mutlaq shavu la mguu, unyayo haukutikisika, akasema kano ya kisigino imekatika. Kumpasua si lazima, akasema, maadamu amekuja mapema na atatii. Mutlaq akavishwa kiatu kirefu kigumu chenye kabari chini ya kisigino, vidole vikielekea chini, ili ncha mbili za kano zikaribiane na kuungana zenyewe. Kabari zingetolewa mojamoja, polepole. Kutii ndiko kulikomshinda. Mara mbili mkewe, Khazna, alimkuta anakivua kiatu kile mlangoni pa msikiti, eti kwa adabu, akamrudisha nyumbani karibu amshike sikio.

Mguu ulianza kupona, moyo haukuanza. Jina la Ghalib likapigwa marufuku nyumbani. Binti yao Wijdan, aliyekuwa anakaribia kuolewa, akasema naye la kwake: hatoki kwa baba yake siku ya harusi bila mjomba kumshika mkono.  Khazna alikuwa katikati ya kaka na mume, na chakula alichopika siku hizo kilikuwa kibaya kweli.

Ndipo Rudayna, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali, akimfundisha Mutlaq kukunja unyayo bila kuuvuta, akamuuliza aliumiaje. Mutlaq akamsimulia teke lote, na chumvi juu yake. Rudayna akauma midomo asicheke.

"Baba yangu, watu wakikatika kano hapo, karibu wote husema wamepigwa teke. Juzi alikuja mmoja aliyekuwa peke yake uani. Yeye alimlaumu jini."

Njia nzima kurudi Mutlaq aliona aibu.  Angesemaje sasa, baada ya kumtangaza mtu sokoni na msikitini?

Jioni ileile wazee wa ukoo wa mkewe wakaja, Ghalib katikati yao. Khazna akaleta kahawa. Ghalib akapokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja. Kwetu hiyo ni kusema: nina ombi, na sinywi mpaka unikubalie.

"Shemeji," Ghalib akasema, macho chini, "nilikupiga teke. Nisamehe, mtoto aolewe kwa furaha."

 Mutlaq angeweza kusema nimekusamehe, na mambo yakaisha, heshima yake nzima. Akamtazama yule mtu aliyekuwa anajitia hatiani kwa ajili ya mpwa wake, moyo ukamuuma kuliko kisigino.

"Hukunipiga," akasema.

"Nilikupiga, bwana."

"Ghalib, hukunipiga! Kano ilikatika yenyewe, mimi ni mzee na niliruka kama mbuzi. Nimekusingizia. Wewe ndiwe wa kunisamehe."

Nyuma ya pazia Khazna alilia kwa sauti, bila kujizuia. Mutlaq akajiinua kwa gongo, kiatu kikigonga sakafu, akaitoa tasbihi yake, akamtia Ghalib mkononi.

"Harusi ya Wijdan utashika kichwa wewe. Sasa kunywa, imepoa."

Ghalib akanywa.

"Na siku ukisikia umepigwa teke, shemeji," Mutlaq akamnong'oneza, "usigeuke nyuma."