Maneno Sita ya Dada

Shemeji alikuja na diski mfukoni na tabasamu la kuazima. Miezi minne ilikuwa imepita tangu tumzike dada yangu, na muda wote huo hakunijulia hali hata siku moja.

"Nisaidie, shemeji. Nimeipeleka kwa mafundi watatu. Wote wanasema bila ufunguo humu ni vurugu tupu, hata wakihangaika miaka mia."

Hawakumdanganya. Dada alikuwa mkunga, na kwa miaka tisa aliandika kitabu cha kazi yake, kisha akakisimba. Kila herufi iligeuzwa, na cha kuirudisha kilikuwa kimoja tu: maneno sita aliyoninong'oneza hospitalini, mumewe akiwa hayupo, kama kawaida yake. Huyu mumewe, mhadhiri wa chuo, kitabu alikiita porojo za wodini. Matanga hayajaisha, akaibeba diski na kumwahidi mchapishaji kitabu chenye jina lake yeye. Nilimchukia mpaka chakula kikawa hakipiti.

"Karibu ndani," nikamwambia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikaichomeka diski kwenye kompyuta yangu, nikaandika maneno sita huku nimeyakinga kwa mgongo asiyaone. Kitabu kikafunguka. Akasoma ukurasa wa kwanza, akachekelea, akaenda sebuleni kunywa chai. Chai yenyewe niliichemsha kupita kiasi, makusudi, ili akawie. Alipokuwa akipuliza kikombe nilinakili kitabu chote, nikabadilisha ufunguo wa diski, nikaifunga upya. Nikamwandikia na yale maneno sita kwenye karatasi. Yalikuwa sahihi yote, ila hayakuwa na kazi tena.

"Mungu akubariki, shemeji."

"Amina," nikaitikia, tena kwa moyo mmoja.

Siku ya tatu akanipigia simu.

"Inakataa! Niko ofisini kwa mchapishaji, watu wananitazama!"

"Ufunguo nimebadilisha. Diski si unayo? Mimi sikukuibia kitu."

"Utaniaibisha, jamani! Nipe huo ufunguo, nakuomba. Hiki ni kitabu cha mke wangu!"

Miaka yote tisa sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nikamwambia arudie, kwa sauti, na hao walio naye wasikie.