Mdomo Uliokuwa Ukihesabu

"Sauti yako inanuka samaki!"

"Basi ziba pua, masikio uyaache."

"Ottavia, watu wanakuja kumuona bibi wa ngome aliyefufuka. Wakisikia muuza ngisi wa Chioggia watacheka mpaka wamwage soda."

"Wacheke! Nimekufa mara kumi na moja kwenye filamu zako, Tassinari. Nimechomwa visu, nimezikwa, nimeunguzwa. Sijawahi kulia hata mara moja kwa koo langu mwenyewe."

Tassinari, mwenye filamu, akapuliza moshi wa sigara kwenye kioo cha chumba cha kurekodia. Filamu zote za Roma zilitengenezwa hivyo: picha kwanza, huku seremala anagonga misumari nyuma ya jeneza, sauti baadaye. Na sauti ya Ottavia kwenye filamu ilikuwa ya Leda, mwanamke mfupi aliyekaa pale kwenye kona na koti lake, anasubiri zamu, kama vile ugomvi haumhusu.

Ottavia hakuwa anatafuta sifa. Mama yake kule Chioggia, mji wa wavuvi, macho yalizima miaka sita iliyopita. Filamu ikifika mjini, jirani anamshika mkono, wanakaa viti vya mbele. Filamu inaisha, watu wanatoka wanatetemeka, na mama anauliza, "Ottavia wangu anaongea saa ngapi?"

Ottavia alikuwa na miaka arobaini na nne. Tassinari alishaanza kuwajaribu wasichana wa miaka ishirini. Ikipita filamu hii, hakuna nyingine.

"Haya," Tassinari akasema. "Kipande kimoja, cha kaburini. Una mpaka saa sita. Ukishindwa anaingia Leda, na sitaki kelele."

Taa zikazimwa. Kile kipande kikaanza kuzunguka, kikiisha kinaanza tena. Kwenye skrini Ottavia aliinuka kaburini, akafungua mdomo. Ottavia wa kwenye maikrofoni akasema, "Sikufa. Nimerudi kuchukua kilicho changu."

Maneno yakaisha, mdomo bado unaenda. Akarudia. Safari hii mdomo ukafunga, maneno bado. Mara ya tatu akaikazia macho midomo yake mwenyewe, jasho likamtoka.

Alikumbuka. Siku ile ya kupiga picha kulikuwa na baridi, amechoka, na mistari ya kusema ya nini kama hakuna atakayeisikia? Alihesabu tu. Waigizaji wote walikuwa wanahesabu. Bibi wa ngome, macho yanawaka, alikuwa anawaambia maadui zake: thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na tisa.

Fundi wa sauti akacheka kwenye mkono wa shati.

"Alikuwa anahesabu ngisi!" Tassinari akapiga paja.

Ottavia hakutoka. Mara ya kumi. Mara ya kumi na tano. Koo likakauka, akameza mate, akasema, "Zungusha."

Saa sita kasorobo Leda akainuka, akaja kusimama pembeni yake.

"Unaangalia mdomo. Achana nao, huo muongo. Angalia koo. Likipanda, vuta pumzi. Likishuka, sema. Mimi nimeishi kwenye hilo koo lako miaka tisa."

"Mbona unanifundisha?"

"Kwa sababu unanichosha, shoga. Na hiyo 'kuchukua kilicho' ni ndefu, itupe."

Ottavia akaangalia koo. Likapanda. Likashuka.

"Sikufa. Nimerudi. Nataka changu."

Ilitoka kavu, ya Chioggia kabisa, kama mtu anamwita mwenzake ng'ambo ya mfereji. Ikakaa mdomoni sawasawa. Fundi aliacha kucheka.

"Imeingia," akasema.

"Imeingia, ila siitaki," Tassinari akasema. "Leda, shika maikrofoni."

"Koo linaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Na kesho litauma zaidi. Ijumaa unapeleka filamu, bosi. Tafuta mwingine wa kumfundisha kwa siku tatu, au mwache huyu amalize."

Tassinari akazima sigara. Akamwangalia fundi. Fundi akaangalia mitambo yake.

"Zungusheni," akanung'unika.

Ottavia akamshika Leda mkono. "Na wewe je? Hii ndiyo kazi yako."

"Usinihurumie, midomo ya kusemea imejaa Roma. Kipande kinachofuata ulihesabu mpaka mia na kumi, nimekiona. Fanya kazi."

Leda akafunga vifungo vya koti, akageuka, akaondoka.