Kioo Kwenye Ufa

Mji mzima ulimwita Ramani, hata kaka yake, kwa kuwa hapakuwa na kichochoro asichokijua. Miaka kumi na minne alikuwa akiwatembeza wageni katika mji ule mkongwe wa mawe, uliotunzwa kama mboni ya jicho; sheria ilikataza hata kupigilia msumari ukutani bila kibali. Asubuhi hiyo alikuwa na wageni tisa. Aliwaonyesha kisima, akawaonyesha ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu, akawatania kwamba wenye viatu vya visigino waombe dua mapema. Wakacheka. Yeye alicheka kwa meno tu.

Kona iliyofuata ilikuwa mtaa wa shangazi yake.

Wiki tatu nyuma kaka yake, fundi mwashi, aliona ufa kwenye ukuta wa shangazi, chini ya roshani ya mbao. Akabandika kipande cha kioo juu ya ule ufa.

"Kikivunjika, ujue ukuta unatembea," alisema. "Lakini mimi naona tuwaambie halmashauri leo."

Ramani akamsihi angoje msimu wa wageni uishe. Mtaa ule ndio uliokuwa uhondo wa matembezi yake. Ukifungwa, angewaonyesha nini? Kaka akakubali shingo upande. Shangazi hakuambiwa lolote.

Sasa walipopinda kona, macho yake yalitangulia miguu. Kioo kilikuwa vipande viwili. Kutoka juu, chokaa ilichuruzika kimya kimya, kama unga kwenye chekeche.

"Ndugu zangu, turudi uwanjani," alisema, akiilazimisha sauti iwe tamu. "Kuna kitu nimesahau kuwaonyesha."

Wanane waligeuka. Wa tisa, mstaafu mmoja mwenye kamera, alisimama chini ya roshani kabisa.

"Dakika moja tu, binti."

"Hata nusu, mzee wangu. Toka hapo!"

Akamvuta mkono mpaka kofia ikamdondoka, akamkabidhi kwa wenzake, kisha akapanda ngazi za shangazi mbili mbili. Akausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika.

"Nani huyo anagonga kama polisi?"

"Mimi, shangazi. Fungua, utoke!"

"Mlango umegoma tangu alfajiri. Na nitoke niende wapi, chai iko motoni?"

"Zima moto, shangazi. Nyumba inaanguka."

Ramani akampigia kaka yake simu, akamwambia mlango umekwama.

"Usiuguse huo mlango!" kaka alifoka. "Ukuta umeegemea fremu. Ukiuvunja, mmezikwa wote wawili. Mpitishe dirisha la jikoni, juu ya paa la jirani. Nakuja."

Jirani, fundi cherehani, alimpandisha kwenye paa lake tambarare bila maswali, futi ya kupimia ingali shingoni. Kati ya paa na dirisha palikuwa na pengo la hatua moja, na chini yake ua wa mawe. Shangazi akatokeza kichwa. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na magoti mabovu. Akatazama chini.

"Mimi si mbuzi. Siruki."

"Huruki, unavuka tu. Nipe mkono."

"Basi ngoja nijifunge kitambaa. Sitoki kichwa wazi mbele ya wanaume."

"Shangazi!"

Ndani ya nyumba kitu kikalia, mlio mrefu wa mbao inayopasuka. Shangazi hakungoja kitambaa. Akakalia ukingo wa dirisha, akatoa mguu mmoja. Wa pili ukanaswa na gauni. Fundi cherehani akamdaka kiuno, Ramani akamshika makwapa, wakavuta, gauni likachanika, wote watatu wakaanguka chali juu ya paa. Walikuwa wangali wakihema roshani ilipoachia na kwenda na nusu ya ukuta. Vumbi likapanda, mtaa ukapotea machoni.

Hakuna aliyeumia. Kaka alifika mbio, akahesabu watu mara mbili, kisha akaketi chini.

Uwanjani, yule mstaafu alimpa shangazi maji. Shangazi hakuyanywa. Alikuwa ameshamsikiliza kaka.

"Eti mlijua?"

Ramani aliishi kwa maneno, na uongo mtamu haukuwa mbali. "Tulijua, shangazi. Kaka alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

"Wiki tatu nalala pale. Nawe unapita chini kila siku, unanipungia mkono."

Hakumlaani. Afadhali angemlaani.

Mchana huohuo Ramani akaenda halmashauri kwa miguu yake, akaeleza yote, akataja na nyumba nyingine nne zilizomtia kaka yake wasiwasi. Mtaa ukafungwa mwaka mzima, na leseni yake ikasimamishwa miezi sita. Shangazi akahamia kwake, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Siku kumi alimjibu "ndiyo" na "hapana", basi.

Siku ya kumi na moja, Ramani alikuwa akiosha vyombo aliposikia sauti nyuma yake.

"Godoro lako linanivunja mgongo. Kesho tukatafute jingine."

"Sawa, shangazi," alijibu bila kugeuka, akaendelea kusugua sahani iliyokwisha kutakata.