Safu ya Idadi

Mimi ni mtu wa fomu. Miaka kumi niliandikisha vizazi na vifo pale Garissa, na kitu kisicho na safu wala nambari kilikuwa kinanikera. Ndiyo maana nilipoanza kwenda kila Jumamosi kwenye boma la wanyama yatima nje ya mji, nilibeba daftari nililolichora mwenyewe: tarehe, aina ya mnyama, idadi, maelezo. Hakuna aliyenituma. Nilipenda tu kujua kuna nini na wako wangapi.

Mwaka 1996 nilikuwa nikienda na mama mkwe wangu, Batula. Mume wangu Salah alikuwa akifundisha Rhamu, na sisi wawili tulibaki nyumbani mtaa wa Iftin tukitazamana. Ngamia wa Batula walikufa wote katika ukame wa mwaka tisini na mbili, na tangu hapo hakuwataja hata mara moja. Alikaa tu mlangoni akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Nilimchukua kwa sababu ukimya wake ulikuwa umenichosha.

Kumbe nilijitafutia msimamizi. Nilipoandika "Twiga: 7" akataka nimsomee, kisha akakunja uso. Wanyama hawahesabiwi kwa sauti, alisema, ni kuita husuda. Nikamwambia hawa si mifugo, ni mali ya serikali. Akasema basi serikali nayo itahusudiwa. Akaanza kunitajia mmoja mmoja: yule mwenye sikio lililochanika, yule anayeburuta mguu wa nyuma, na yule mdogo, jike, mwenye doa jeupe chini ya goti la kushoto na mkia uliokatika ncha. Safu yangu ya maelezo ilifurika hadi pembeni mwa ukurasa. Niliandika ili anyamaze. Idadi niliiandika vilevile, kwa ukaidi.

Huyo mdogo alikuwa kipenzi cha mzee Sugow, mtunzaji wa boma, aliyemlea kwa chupa ya maziwa ya ngamia. Mwezi wa Novemba Sugow alifiwa na kaka yake huko Kotile. Kabla ya kuondoka alimwambia Batula kwamba mtoto huyo ni amana kwetu mpaka arudi, na Batula akaipokea. Kwa mtu kama yeye, amana si neno la kuagana tu.

Jumamosi iliyofuata tulikuta mvua ya Alhamisi imeangusha ua wa miiba upande mmoja. Afisa kijana aliyeshika zamu, aliyehamishiwa kwetu mwezi uleule, alikuwa ameshaziba pengo na kuhesabu. Twiga ni saba, alisema, hakuna aliyepotea. Nikafungua daftari: saba. Nilifurahi jinsi vitabu vyetu vilivyolingana. Nilikuwa naandika tarehe Batula aliponivuta ushungi.

"Yule mdogo si wetu," alisema.

Nilitazama. Twiga mdogo, jike, kimo kilekile, amesimama karibu na birika la maji. Nikamwambia, Hooyo, mama yangu, hesabu imetimia, labda ni macho tu yamechoka. Alimwendea afisa mwenyewe, na Kiswahili chake cha sokoni.

"Ofisa, hesabu yako iko sawa. Lakini mtoto yetu hayuko. Hii ni mgeni, ameingia na mvua. Fowsiya, soma ile uliandika."

Nikasoma huku nimejaa aibu. Afisa akazunguka birika polepole, akainama. Goti lilikuwa la kahawia tupu, na mkia ulikuwa na ncha yake nzima. Siku mbili hakuna aliyemtafuta yule mtoto, kwa sababu nambari yangu na ya afisa zilikuwa zimeshampata.

Tulimkuta kwenye shimo la kuchimbia changarawe, mwendo wa nusu saa, amezama kwenye tope hadi kifuani, shingo imelala ukingoni. Alikuwa hai. Wachungaji wa ngamia waliokuwa karibu walileta kamba, wakachimba mteremko, wakamtoa. Batula alimpangusa goti kwa ncha ya ushungi wake mpaka doa likaonekana, akasema alhamdulillahi. Mimi nililia mbele ya wanaume wote wale, na sikujali.

Sugow aliporudi tulimkabidhi amana yake. Alimwombea Batula dua ndefu. Nikaitikia amina, nikijua kwamba hata mimi nilikuwa na deni la shukrani kwa mwanamke niliyekuwa nikimwandikia ili anyamaze. Njiani nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Alicheka, akasema alijua siku zote.

Jioni alinikuta nikichora kurasa mpya. Aliketi mkekani, akauliza kama kwenye daftari langu kuna nafasi ya waliokufa. Nikasema ipo.

"Basi andika," alisema. "Wa kwanza alikuwa mweupe, binti wa yule niliyepewa siku ya harusi yangu. Hakukubali kukamuliwa na mtu ila mimi."

Nikaandika. Akamtaja wa pili, na binti yake, kisha wa tatu. Akanywa chai, akaendelea. Ukurasa ule sikuuchorea safu ya idadi, wala sikumwuliza walikuwa wangapi.