Sauti ya Dada Miguu

Siku ya kliniki ya kisukari, foleni ilianza kujipanga kabla wafagiaji hawajamaliza korido. Daktari kijana ambaye wagonjwa walimwita Dada Miguu alikuwa amepiga magoti mbele ya seremala mstaafu, akimgusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni. Seremala alikuwa amefumba macho. Kazi yake ilikuwa kusema "ndiyo" kila akiguswa, lakini alitulia tuli kama maji mtungini. Chini ya kidole gumba cha mguu kulikuwa na msumari, umezama wote, na mwenyewe hana habari.

"Baba, jioni huwa unakagua nyayo zako?"

"Nizikague vipi, mwanangu? Na tumbo hili nitauona wayo wapi?"

Jibu hilo alikuwa amelisikia kwa wagonjwa wengi, na ndilo lililomzalia wazo. Kila mgonjwa awe na mtu mmoja wa nyumbani, mke, mume, mjukuu, yeyote yule, aliyefundishwa kumkagulia nyayo kila jioni. Kisha vidonda vyao vilinganishwe na vya wale wasio na mkaguzi. Kulikuwa na ruzuku ndogo ya utafiti kwa ajili ya madaktari chipukizi wa kisukari, wasiozidi miaka mitano kazini. Dada Miguu alikuwa anaumaliza wa tano. Asipoipata mwaka huu, basi tena.

Na kikao cha kuchagua wazo moja ambalo kliniki ingeliombea ruzuku hiyo kilikuwa asubuhi hiyohiyo. Sasa utamwachaje mtu na msumari mguuni? Akamwita daktari mwenzake wa mwaka wa pili kazini, kijana waliyempa jina la Msomi kwa sababu hata chooni alikwenda na kitabu.

"Nenda unisemee," alimwambia. "Waeleze wazo langu. Nikimaliza hapa nakuja."

"Usijali, dada. Nitakusemea."

Akamsemea kweli. Alipofungua mdomo kikaoni, iliyotoka ilikuwa sauti ya Dada Miguu, pamoja na ule mkwaruzo wake mdogo mwishoni mwa sentensi. Wote walisikiliza mpaka mwisho. Mkuu wa kliniki alisema wazo ni zuri, na kwamba Msomi aliombee ruzuku. Msomi alipokuwa anaongea kikaoni, kwenye chumba cha vidonda Dada Miguu alikuwa anamwambia seremala asiukanyagie mguu ule, sauti ikakatika. Midomo ikabaki inacheza.

"Nisiukanyagie," seremala alimalizia. "Nimeelewa."

Tangu hapo, kila Msomi alipozungumzia utafiti, sauti ilimwendea. Akinyamaza, ilirudi. Wauguzi walizoea haraka. Mama mzazi wa Dada Miguu akipiga simu na kukuta kimya, alisema, "Anaongea tena yule mwenzio? Haya, nitakupigia baadaye," kisha anakata.

Wivu ulimkaba Dada Miguu. Tuseme ukweli, maana wivu haupimwi kwa tone la damu kidoleni kama sukari. Ungepimwa, wangemlaza siku hiyohiyo. Alimwonea Msomi wivu kwa shati lake lililonyooka pasi, kwa miaka yake iliyobaki, kwa mkuu aliyeanza kumwita "mtafiti wetu". Akimwona anacheka kantini, aliisukuma sahani kando. Lakini zaidi ya yote aliionea wivu sauti yake mwenyewe. Ilipokuwa inakaa kwake, hakuna aliyewahi kuisikiliza namna ile.

Alimfuata Msomi, akamwambia airudishe.

"Dada yangu, mimi siishiki," Msomi alijibu, na alionekana kusikitika kidogo. "Inakuja yenyewe."

Akaenda kwa mkuu wa kliniki. Mkuu alimkaribisha kiti, akavua miwani.

"Sauti ni yako, nani asiyejua? Mimi si kiziwi. Lakini aliyesimama kikaoni ni yeye."

"Nilikuwa na mgonjwa, mkuu."

"Na tunakushukuru sana. Sasa tafadhali, usishikwe na mafua mpaka siku ya usaili wa ruzuku."

Loo! Hapo ndipo wivu ulipomfundisha ubaya. Jioni ya kuamkia usaili, Dada Miguu alikwenda uwanja wa mpira, yeye asiyejua hata goli linahesabiwaje, akashangilia timu zote mbili kwa nguvu zake zote. Kisha akanywa maji ya barafu, chupa baada ya chupa. Alilala koo linawaka moto, na moyo umetulia kuliko ulivyotulia kwa muda mrefu.

Kesho yake alikaa ukumbini, kiti cha nyuma kabisa. Msomi alisimama mbele ya jopo, akafungua mdomo, na sauti ikatoka inakwaruza kama bawaba ya mlango wa stoo. Maneno mengine yalitoka nusu. Mengine hayakutoka kabisa. Dada Miguu aliuma kanga ya shingoni asicheke.

Mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo, aliinuka mwenyewe akammiminia Msomi maji.

"Pole, mwanangu. Kumbe kazi hii umeifanya mpaka sauti imekuishia."

Mjumbe mwingine alifuta machozi. Waombaji wenye sauti nzima walirudi makwao mikono mitupu.

Ijumaa iliyofuata watu wa kliniki walinywa soda koridoni kusherehekea ruzuku ya Msomi. Mkuu alitangaza kwamba Msomi atasafiri sana kuuelezea utafiti, kwa hiyo zamu zimepangwa upya: siku za safari, Dada Miguu atakuwa chumba cha kusafisha vidonda, kwa kuwa kidonda hakitaki maongezi. Wauguzi waliona ni mpango mzuri. Kisha Msomi akaombwa kusema neno.

Koo la Dada Miguu lilikuwa limepona, na sauti ilimtoka Msomi tamu, imenyooka. Alimshukuru mama yake. Aliwashukuru wagonjwa. Halafu, kwa sauti ileile, pamoja na ule mkwaruzo mwishoni, akamshukuru mkuu wa kliniki kwa kumpa wazo la nyayo.

Dada Miguu alifungua mdomo aseme ni uongo. Hakikutoka kitu, kwa kuwa Msomi alikuwa bado anashukuru. Watu walikuwa wanapiga makofi, na aliyesimama jirani yake akamtazama. Dada Miguu naye akapiga, maana mikono ilikuwa bado yake.